Deni la Matiliku



Katika kumbukumbu za watafiti, pembeni mwa jina langu, imeandikwa namba 9. Binti yangu, ambaye sasa yuko chuo kikuu, aliikuta siku moja akiwa katika kazi zake za masomo, akaja nayo jikoni nilipokuwa nikichagua mchele. "Mama, hii tisa ni ya nini?" akaniuliza. "Mwalimu wetu ana ishirini na nane." Sauti yake haikuwa ya dharau, ila ilikuwa na huruma kidogo, na huruma ya mtoto kwa mzazi wake huchoma kuliko dharau. Usiku ule, baada ya Isha, nilimweleza hesabu yenyewe. Lililo nyuma ya hesabu sikumweleza, na ndilo ninaloliandika leo, ili alisome pamoja nanyi.

Mimi ni mtaalamu wa udongo. Nimezaliwa Lamu, nimeolewa Mombasa, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuchota udongo wa mashamba ya watu, kuukausha, kuuchekecha, kuupima maabara, na kuandika nilichokiona. Tunayoyaandika huchapishwa katika majarida ya kitaaluma, na mtafiti mwingine akiyatumia hana budi kumtaja mwandishi na mwaka. Huko kutajwa ndiko tunakokuita marejeo. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha fahirisi kubwa iliyoonyesha makala gani imetajwa na nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, akatunga kipimo kinachomfunga mtafiti mzima katika namba moja. Ukiwa na makala 9 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 9, namba yako ni 9. Ukiwa na makala 100 ambazo hapana aliyezitaja, namba yako ni sifuri.

Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani desturi ya kumtaja uliyepokea kwake si ngeni kwetu. Tangu utotoni tumesikia kwamba habari ina njia yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Wanazuoni wa hadithi walijenga ilimu nzima juu ya isnadi. Lakini wao hawakuishia katika kuwahesabu wapokezi. Waliuliza kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani: je, alikuwa mkweli, alikuwa na hifadhi nzuri, alikutana kweli na yule aliyedai kumsikia? Namba ya Hirsch haiulizi hayo. Inawajua waliokutaja, na haiwajui wale uliowaahidi.

Mimi niliahidi, na ahadi yangu niliiweka Matiliku.

Matiliku ni mji mdogo wa Makueni, katika nchi ya Wakamba. Ukitoka Mombasa unaiacha barabara kuu ya Nairobi pale Emali, ukapanda upande wa kaskazini, na mlima wa Nzaui, unaotajwa katika masimulizi ya asili ya Wakamba, unakukabili mbele. Udongo wa huko ni mwekundu na wenye mchanga mwingi, umezaliwa na miamba mikongwe sana, na mboji yake ni chache. Mvua kubwa ikiupiga ukiwa mtupu, uso wake hujifunga kama sakafu, maji yakashindwa kupenya, yakateremka na kuubeba. Mvua ni mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Disemba ndiyo watu wanayoitegemea zaidi.

Nilifika Septemba 2011, mwaka wa ukame mkubwa. Shamba la 14 katika orodha yangu lilikuwa la mama mmoja mjane, mwenye umri wa kunizaa. Lilikuwa la ekari tatu, limelala kwenye mteremko. Nilichota udongo mahali patatu: karibu na zizi la mbuzi, katikati ya shamba, na mwisho kabisa, kando ya korongo. Yeye alinifuata kila nilipokwenda, akanishikia mifuko, na kila nilipochimba aliinama akautazama udongo kana kwamba na yeye anausoma.

Shamba lake lilikuwa na makingamaji matano, marefu, yamenyooka. Aliniambia kwamba aliyachimba alipokuwa mwari aliyeolewa karibuni, pamoja na wanawake wenziwe katika mwethya, kile kikundi cha Wakamba cha kusaidiana kazi kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wanachimba mtaro unaofuata usawa wa mteremko, upana na kina vikikaribia sentimita 60, na udongo wanaoutoa wanautupa upande wa juu, ukawa tuta. Mvua inapokuja, udongo unaoteremka unazuiliwa na tuta hilo. Mwaka baada ya mwaka unajaa nyuma yake, mpaka mteremko unageuka kuwa ngazi pana zilizo sawa. Kazi hiyo inaitwa fanya juu. Ndugu zangu, maneno hayo mawili ya Kiswahili leo yamo katika vitabu vya udongo vya Kiingereza, na watafiti wa Ethiopia huyaandika vivyo hivyo bila kuyatafsiri. Kwa hesabu ya marejeo, basi, lugha yetu ina sehemu yake katika ilimu hii. Lakini waliotupa udongo juu kwa makoleo hawamo katika fahirisi yoyote.

Tulipopumzika chini ya mwembe aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu ni Lamu. Akacheka, akasema, "Kumbe! Huko ndiko walikompeleka Muindi wetu."

Nilizaliwa Lamu na nilikuwa sijui. Ikabidi mama wa Matiliku anisomeshe habari ya mji wangu mwenyewe. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona ardhi ya Ukambani inamomonyoka, ikahukumu kwamba sababu ni ng'ombe kuwa wengi, ikaanza kuwatwaa kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Julai 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliandamana hadi Nairobi wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Serikali ililegeza amri ile ya mifugo, lakini Muindi mwenyewe ilimkamata na kumhamishia Lamu, mbali na watu wake. Leo mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi unaitwa kwa jina lake.

Kwa muda mrefu, basi, neno la kuhifadhi udongo lilipotajwa Ukambani watu walisikia amri, faini na kazi ya kulazimishwa. Fanya juu ilienea kuanzia miaka ya 1950 kwa kuwa wakulima wenyewe waliona faida yake: maji yalibaki shambani na mahindi yalistahimili jua. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya ya Machakos, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Makueni. Walilinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na hali ya miaka zaidi ya 50 baadaye. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takriban milioni 1.4 mwaka 1989, lakini vilima vilivyokuwa vipara na makorongo sasa vilikuwa na matuta na miti. Wataalamu walikuwa wametabiri jangwa, na wenyeji walikuwa wamejenga ngazi. Kitabu hicho kimerejelewa sana duniani, na pia kimejibiwa na wanazuoni waliosema kwamba faida haikuzifikia nyumba zote kwa usawa. Nilikuwa nimekisoma chuoni kama habari ya mbali, nami sasa nilikuwa nimeketi na mmoja wa waliozichimba ngazi hizo, ananimiminia uji.

Nilipofunga mifuko yangu akaniuliza, "Daktari, majibu yatakuja lini?"

"Kabla ya mvua ya Oktoba ya mwakani, mama," nikajibu.

"Haya. Nitangoja."

Maabara ilimaliza kazi ndani ya miezi michache, na nilichokipata kilinifurahisha kitaaluma. Kuna ripoti moja mashuhuri ya mwaka 1990, ya Waholanzi Stoorvogel na Smaling, iliyokadiria kwamba mashamba ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara yalikuwa yakipoteza kwa wastani kilo 22 za naitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu kwa kila hekta kwa mwaka. Ni kazi kubwa, na waandishi wake walieleza wazi kwamba ni makadirio. Lakini namba ikirejelewa mara nyingi huacha kuwa makadirio, ikageuka kuwa kauli ya kila shamba. Udongo wangu wa Matiliku ulisema jambo jingine. Katika ekari tatu za mama yule, upande wa zizi ulikuwa na fosforasi ya kutosha na ziada, kwa samadi iliyomwagwa hapo miaka mingi, ilhali upande wa korongo ulikuwa na njaa. Wastani wa shamba haukuwa ukweli wa kona yake yoyote.

Makala ilichapishwa mwaka 2013. Mwaka 2017, nilipoitwa mbele ya jopo la kupandishwa cheo, ilikuwa imerejelewa mara 63, kuliko kazi zangu zote. Jopo liliniuliza habari za jarida, za fedha za utafiti, za wanafunzi niliowasimamia, na za namba yangu. Nikajibu vizuri, na cheo nikapewa. Nyumbani tulipika pilau, jirani wakaja kunipongeza, na marehemu mama yangu, ambaye wakati ule alikuwa hai, aliniombea dua ndefu kwa ilimu yenye manufaa. Niliitikia amin kwa sauti.

Baada ya miezi michache nilikuwa nikiisoma upya makala ile kwa ajili ya kazi nyingine, nikafika mwisho, penye shukrani. Nilikuwa nimeandika kwamba tunawashukuru wakulima wa Matiliku kwa ushirikiano wao. Nikairudia sentensi ile, na ikanijia sauti: "Haya. Nitangoja."

Sikuwa nimempelekea chochote, wala karatasi wala salamu. Najua nilivyojidanganya, kwa sababu nilikuwa na hoja tayari kwa kila mwaka. Fedha za mradi ziliisha kabla ya safari ya pili. Majibu yalikuwa kwa Kiingereza. Niliugua, nikajifungua, nikahama nyumba. Kila hoja ilikuwa ya kweli, na zote kwa pamoja hazikutosha. Makala yangu ilikuwa imewaambia wasomaji wa dunia nzima kwamba shamba moja lina pande mbili zisizofanana, na mwenye shamba peke yake ndiye hakuambiwa.

Agosti 2018 nilipanda treni ya asubuhi hadi Emali, nikaingia matatu hadi Matiliku, na karatasi ziko mkobani. Njiani nilikuwa nimejitayarishia kukuta kaburi, au mama mwenye hasira. Nilimkuta hai, amekonda, akichambua pojo uani pamoja na mjukuu wake wa kike. Alinitambua kabla sijajitaja. "Daktari wa Lamu," akasema, akaniletea kigoda.

Niliomba radhi. Yeye hakusema "hapana neno", kama sisi tunavyosema ili kufupisha aibu. Alininyamazia, akangoja nimalize. Kisha akamwambia mjukuu asome. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, na binti yule akautia katika Kikamba, mstari kwa mstari. Walipofika penye fosforasi ya upande wa zizi, mama akamsimamisha, akataka mstari ule urudiwe.

Kisha akanieleza, pole pole. Kila mvua ya Oktoba alikuwa akiuza mbuzi mmoja ili anunue mbolea ya kupandia, na mbolea hiyo aliigawa kwa haki: sehemu sawa upande wa nyumbani, sehemu sawa katikati, sehemu sawa upande wa korongo. Samadi alikuwa akiimwaga karibu na nyumba, kwa kuwa mgongo haukuweza tena kuibeba hadi mbali. Kuanzia Oktoba ya 2012, niliyoiahidi, hadi ile ya 2017 ni mbuzi sita. Theluthi ya thamani yao ilikwenda mahali pasipohitaji. Hesabu hii niliifanya mimi kimya kimya hapo kigodani, na yeye, nadhani, alikwisha kuifanya kabla yangu.

Hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Karatasi hii ina umri gani?"

"Miaka saba, mama."

"Na udongo bado ni uleule?"

Ndugu zangu, nimekaa mbele ya majopo mengi, na sijapata kuulizwa swali la kitaaluma lililo zito kuliko hilo. Udongo si jiwe. Miaka saba ya kulima, ya mvua na ya ukame huubadilisha. Nilikuwa nimeleta deni lililochelewa, na juu ya kuchelewa lilikuwa limepungua thamani, kama mtu anayelipa leo kwa sarafu ya zamani. Sikuwa na la kujibu ila kuomba jembe. Nikachota upya mahali palepale patatu, na safari hii mjukuu ndiye aliyenishikia mifuko.

Gharama ya maabara niliitoa mfukoni mwangu, na haikuwa kubwa. Hilo nalo lilinitia haya. Majibu niliyapeleka kwa mkono wangu kabla ya mvua. Upande wa zizi ulikuwa bado na akiba nzuri ya fosforasi. Katikati palikuwa pamedhoofika kuliko mwanzo, na karatasi ya zamani peke yake ingempotosha. Tukakubaliana: mbolea ya dukani ielekezwe upande wa korongo na katikati, samadi ibebwe kwa punda wa jirani kabla ya kulima, na kunde na mbaazi zipandwe pamoja na mahindi. Mwaka huo hakuuza mbuzi. Mavuno sitayasimulia kana kwamba ni muujiza. Mvua ya Makueni haina mwaminifu. Lakini mbuzi alibaki zizini.

Baadaye nilizirudia nyumba nyingine za orodha yangu. Baadhi ya wenyewe walikwisha fariki, na hao deni lao limebaki kwangu. Sijui litalipwa vipi.

Binti yangu mpenzi, namba yangu ingali 9, nami siidharau. Kumtaja uliyechukua kwake ni amana, na ilimu isiyorejelewa mara nyingi hufa kabatini. Laiti kazi za Waafrika zingetajwa kama zinavyostahiki, ningefurahi, na nakuombea namba yako ipite ya mwalimu wako. Lakini siku utakapochota kitu cha mtu, uwe ni udongo wake, damu yake au maneno yake, andika katika daftari lako jina lake, siku uliyoahidi, na lugha anayoisoma. Safari ya kurudisha majibu iwekee fedha tangu mwanzo, kabla ya fedha ya kuchapisha.

Nanyi akina mama wenzangu wa pwani, watafiti hufika kwetu pia. Wanapima watoto wetu uzito, wanauliza habari za uzazi wetu, wanahesabu mikoko na samaki wetu. Wapokeeni, kwani kazi yao ina kheri, lakini kabla hawajafunga mikoba waulizeni mambo matatu: majibu yatakuja lini, yatakuja kwa lugha gani, na nani atakayeyaleta. Aliye mwaminifu hataudhika. Na yule ambaye, kama mimi, ni mwaminifu lakini ni mwepesi wa kusahau, mtakuwa mmemsaidia. Nami kama ningeulizwa hayo matatu siku ile chini ya mwembe, pengine nisingechelewa hivyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye manufaa, kwetu na kwa wale tuliochota kwao.